Kwa nini fumbo la maneno la Kiswahili hukwama karibu na mwisho?

Mkaazi_wa_Kibokoni

Assalaam aleikum, wapenzi wa chemshabongo. Mimi hujaza mafumbo ya maneno kila asubuhi, ya Kiingereza na ya Kiswahili, na kuna jambo linalonitatiza ambalo ningependa wenye ujuzi wanifafanulie. Fumbo la Kiingereza, hata likiwa gumu, hulegea kadiri ninavyolijaza, kwa kuwa kila neno ninalolipata hunivutia jirani yake. La Kiswahili, lugha niliyozaliwa nayo, huanza kwa wepesi kisha hugoma, na visanduku viwili vitatu hubaki vitupu hata nikivikodolea macho hadi adhuhuri.

Mfano ni huu wa juzi. Kidokezo kilisema "Aina ya samaki", herufi 4, na maneno yaliyokatiza yalikuwa yamenipa herufi ya pili, A, na ya nne, I. Mtu aliyelelewa karibu na soko la samaki aandike nini hapo? Tafi ni samaki, na tasi pia ni samaki. Herufi inayowatenganisha ilikuwa katika kisanduku kisichopitiwa na neno jingine lolote. Jibu lilipochapishwa lilikuwa "tasi", na hadi leo sioni tafi alikataliwa kwa haki gani. Je, kosa ni langu, ni la mtunzi, au ni la lugha yenyewe?

Mwalimu_wa_Tudor

Waaleikum salaam, ndugu yangu. Kosa si lako wala si la lugha. Mchoro wa visanduku tunaoutumia tumeuazima, nao ulichorwa kwa ajili ya maneno yenye umbo jingine kabisa.

Fumbo la kwanza la namna hii lilitungwa na Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool, likatoka katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913, likiwa na umbo la almasi. Baadaye desturi ziligawanyika. Wamarekani hutaka kila herufi ipitiwe na maneno mawili, la mlalo na la kushuka, ilhali Waingereza huweka visanduku vyeusi kwa zamu, hata takriban nusu ya herufi za neno hubaki bila kukatizwa. Mafumbo mengi ya Kiswahili ninayokutana nayo yamefuata mchoro wa Waingereza, na hapo ndipo penye tatizo, kwa sababu maneno yetu huenda konsonanti, irabu, konsonanti, irabu, mpaka mwisho. Mchoro unaokatiza herufi moja na kuruka moja utakupa ama irabu zote ama konsonanti zote.

Tuseme umepewa irabu peke yake, I, A na U, katika neno la herufi 6. Kitabu kinaingia, kikapu kinaingia, hijabu na nikabu pia zinaingia. Ukipewa konsonanti H, J na B, hijabu inajitokeza papo hapo. (Ni kweli kwamba K, T na B zitakuachia kitabu, katibu na katiba, lakini kidokezo chochote cha maana kitawatenganisha hao.) Samaki wako alikatizwa kwenye irabu. Laiti mtunzi angelisogeza neno kisanduku kimoja, ungepata T na S, na shauri lingekwisha.

Wengine husema dawa ni mchoro wa Kimarekani. Nimeujaribu pamoja na wanafunzi wangu, na una ugumu wake. Ukianza kona ya juu kwa neno kama KATA, mstari wa pili utalazimika kuanza kwa irabu, kwa kuwa maneno ya kushuka nayo yanafuata mpangilio uo huo. Mstari unaoanza kwa irabu na kwenda kwa zamu utaangukia konsonanti kwenye kisanduku cha nne, na maneno ya Kiswahili yanayoishia kwa konsonanti ni machache mno. Miungano kama "mb" na "nd" hutuokoa mara kwa mara, lakini haitoshi kujaza ukurasa.

Bi_Mkubwa_Likoni

Mwalimu, umesema kweli, ila umemwachilia mtunzi kwa urahisi mno. "Aina ya samaki" si kidokezo, ni uvivu! Hapa pwani ukimwambia mtu "aina ya samaki" umemwambia nini? Vivyo hivyo "aina ya mti" na "aina ya ndege", ambazo hunakiliwa kutoka kwenye kamusi bila kufikiri.

Mimi nina dukuduku jingine. Kidokezo kikisema "Hupitwa na wasafiri", herufi 4, mkono wangu huandika NDIA kabla sijafikiri, maana ndivyo tunavyosema kwa Kimvita, lahaja yetu ya Mombasa, kumbe mtunzi anataka NJIA. Macho kwetu ni "mato", na hesabu ya visanduku inaharibika hapo hapo. Najua Kiunguja ndicho kilichoteuliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu mwaka 1928, tena katika mkutano uliofanyika papa hapa Mombasa, na sitaki kuifufua kesi hiyo. Nataka tu mtunzi aandike "kwa lahaja" pale anapotumia neno la lahaja, na asiogope kulitumia.

Ama kuhusu raha, nadhani sisi tuna hazina ambayo magazeti hayajaigusa. Watu wa mji huu walikuwa wakifumbana kwa mashairi tangu enzi za mshairi Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka 1840, na msikilizaji alitakiwa asikie maana ya juu na ya chini kwa pamoja. Kidokezo kizuri kinafanya kazi hiyo hiyo. Jaribuni hiki, ambacho nilikitunga nikiwa kwenye foleni ya feri: "Baraka ngapi zimesitiri vazi la kike?" Herufi 5.

Kijana_wa_Majengo

Shikamoo Bi Mkubwa. Nimeisoma mara kadhaa kabla ya kuiona: baraKA NGApi. Kanga! Imejificha katikati ya maneno yenyewe, na "zimesitiri" ndiyo iliyokuwa ikiniambia nitafute ndani. Sasa naomba kuuliza: je, kutafuta jibu kwenye simu ni kuvunja sheria?

Bi_Mkubwa_Likoni

Marahaba, mwanangu. Kamusi ruhusa, kwa sababu utatoka na neno ambalo hukuwa nalo. Simu inayokupa jibu zima inakunyima ile dakika ambayo neno linakujia lenyewe ukiwa umeshakata tamaa, na mimi hujaza kwa ajili ya dakika hiyo. Chukua jingine, usiguse simu: "Simba akisemwa kwa kinyume huwa rafiki." Herufi 5.

Mkaazi_wa_Kibokoni

Kinyume tulikisema sana utotoni ili wakubwa wasituelewe, silabi ya mwisho ikipelekwa mwanzo. Si-mba, mba-si. MBASI! Neno hili sijalisikia barazani kwa muda mrefu, nalijua kwa mashairi tu.

Nimeamua kujaribu kutunga langu. Mwalimu, herufi kama "ch" na "sh" nizipe kisanduku kimoja au viwili?

Mwalimu_wa_Tudor

Zipe viwili, kwa kuwa ndivyo wajazaji walivyozoea, ingawa wazee walioandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu walikuwa na herufi moja ya "sh". Ile alama (') ya "ng'" haina kisanduku chake, kwa hivyo ng'ombe ni 6. Amua mapema kama vitenzi utaviandika kwa "ku-" au bila, uwaambie wajazaji, kwani "lima" na "kulima" si urefu mmoja. Anza kwa kupanga maneno marefu yakatizwe kwenye konsonanti, na vidokezo uviandike mwisho. Ukimaliza, lete hapa tulijaze.