Orodha zenu za vitu 84 zitakuja kuua mtu. Nani kati yenu amewahi kupandisha gari lake kwenye mizani?

Wakuu, salaam.

Mods, naomba uzi huu msiuunganishe na ule wa picha za safari. Hapa hakuna picha. Juzi nimerudi kutoka porini, siku tano, magari matatu, na hasira niliyorudi nayo hata usingizi umeshindwa kuituliza.

Aliyeandaa msafara simtaji. Mwenyewe yumo humu na atajijua. Wiki mbili kabla ya kuondoka alitugawia orodha ya vitu vya kubeba, akasisitiza kwamba asiyekuwa navyo vyote asije. Vitu 84. Nimehesabu. Humo mlikuwa na taa za kuning'iniza kwenye hema, kinu cha kusagia kahawa, viti vya kukunja vyenye mfuko wa kikombe, na mashoka mawili. Mawili, wakuu! Kipande cha ubao cha kuweka chini ya jeki hakikuwemo. Na katika mistari yote 84 hamna hata mmoja uliosema kitu hiki kina kilo ngapi, kinakaa sehemu gani ya gari, na kinatakiwa kufikiwa kwa dakika ngapi.

Nikabeba. Ndiyo, mimi mtu mzima nikabeba, kwa hiyo msianze kuniambia "ulilazimishwa?" Najua.

Siku ya pili, jiwe likachana tairi la nyuma kushoto ubavuni. Wanaojua wanajua: tundu la kwenye kashata za tairi unaziba kwa zile kamba za pancha na safari inaendelea, lakini ubavu ukichanika hakuna cha kuziba, ni kubadilisha tairi. Haya, jeki iko wapi? Jeki ya kiwandani inakaa kwenye kishimo chake nyuma, na juu ya kile kishimo mimi, mtiifu wa orodha, nilikuwa nimepanga friji, masanduku mawili ya vyombo, begi la nguo, jiko na mtungi wake. Tulishusha mzigo dakika 50 juani ili kufikia kitu cha kwanza ambacho gari lolote lenye pancha linahitaji. Dakika 50! Tukaweka jeki mchangani. Gari halikunyanyuka hata kidogo, jeki ndiyo iliyozama. Mwisho tuliiwekea chini mfuniko wa sanduku la vyombo, ukapinda kama kaukau, tukaongeza jiwe bapa, ndipo.

Halafu ikaja aibu yangu mwenyewe, na naileta hapa ili mjue sijifichi. Kila gurudumu langu lina nati moja ya kuzuia wizi, ile isiyofunguka bila kichwa chake maalumu. Hicho kichwa kilikuwa nyumbani, kwenye droo. Tulichokifanya ni kuchukua soketi ndogo kidogo kuliko nati, kuigongelea kwa nyundo mpaka ikaing'ata, kisha kuzungusha. Ilikubali baada ya saa moja na ushee, na soketi haikufaa tena. Kosa langu, nakubali. Ila nauliza: orodha ilikumbuka kinu cha kahawa, ikasahau kumwambia mtu afungue nati zote za magurudumu yake uani kwake kabla ya safari, kwa jeki ile ile na spana ile ile atakayobeba? Hilo si kitu cha kununua, ndiyo maana halimo.

Sasa tuje kwenye keria, maana hapa ndipo nilipotaka kushikana mashati na mtu.

Nilimwambia mkuu wa msafara siku ya kwanza kwamba juu kumezidi. Akanijibu, "Kaka, hema hilo wanalala watu wawili juu ya paa, na paa halibonyei. Utaogopa jerikeni mbili?" Watu wakacheka. Mimi nikanyamaza, na nikajuta kunyamaza. Paa la gari lililosimama na paa la gari linalotembea ni mambo mawili. Likiwa limesimama, uzito unakaa tu. Likitembea kwenye mawe na mashimo, uzito ule ule unarushwa juu, unashuka kwa kishindo, unavutwa kushoto na kulia, na miguu ya keria inayapokea yote hayo siku nzima. Ndiyo maana kitabu cha gari kinatoa kikomo cha paa kwa gari linalotembea. Changu kinasema kilo 100, na keria yenyewe imo humo humo ndani ya hiyo mia.

Hesabu: keria 28. Hema 62. Jerikeni mbili za chuma, kila moja na lita 20 za dizeli, yapata kilo 21, jumla 42. Tairi la akiba la pili na rimu yake, 34. Jumla 166. Nimezidisha kilo 66 mahali pabaya kuliko pote, juu kabisa, ambapo kila kilo inalifanya gari lilale zaidi kwenye kona na kwenye mteremko wa ubavu. Siku ya tatu, kwenye barabara ya rasta, vile vijituta mfululizo vinavyong'oa meno, mguu mmoja wa keria ukapasuka. Tulifunga mikanda tukashusha jerikeni. Shokapu ya nyuma nayo ilikuwa imeshaanza kutema mafuta, moto huwezi kuigusa.

Niliporudi nilifanya nilichopaswa kufanya kabla ya kuondoka. Nikapakia tena kila kitu, nikajaza tanki na maji, tukaingia watu watatu, nikalipeleka kwenye mizani ya malori. Uzito wa juu wa gari langu kiwandani ni kilo 2,990. Mizani ikasoma 3,340. Kilo 350 zaidi, na hapo sijabeba kitu cha ajabu. Lita moja ya maji ni kilo moja, haina mjadala. Lita 60 ni kilo 60. Betri ya pili ya risasi inakaribia 30. Winchi na bampa la chuma mbele mnajua wenyewe. Kila kimoja ukikiuliza kinasema "mimi mdogo tu". Breki zinavihesabu vyote pamoja.

Wenye pikapu msifurahi. Yule wa gari la tatu alining'iniza tairi, jerikeni na sanduku la vifaa nyuma kabisa, mbali na ekseli. Mzigo ulio nyuma ya ekseli unakuwa kama mtu amekalia ncha ya bembea ya ubao: chesisi inapindwa katikati kila shimo. Chesisi za pikapu zinavunjika hivyo hivyo, kati ya kabini na bodi. Yake haijavunjika. Bado.

Huyo huyo aliweka maji yote ya gari lake kwenye pipa moja la lita 60. Pipa lilikaa kwenye kichwa cha bolti, likasuguliwa siku mbili, likatoboka. Tulijua pale zulia lilipoanza kuchuruzika. Mtu mzima mahali penye joto anataka lita nne mpaka tano kwa siku za kunywa tu, piga mara watu wawili, mara siku tatu zilizobaki, mtaona tulivyogawana. Maji yanawekwa kwenye madumu madogo kadhaa, yametenganishwa, kila dumu limekalia kitambaa au mpira. Barabara ya rasta inakula kitu chochote kinachogusana na kingine: makopo yanatoboana, nyaya zinachunika, chupa ya mafuta ya breki inamwagikia nguo. Hilo ndilo somo la kupakia, na ndilo nililolitarajia kwenye orodha badala ya kiti chenye mfuko wa kikombe.

Sijasema la kamba. Gari la pili lilipokwama, jamaa akachukua kamba ya kuvutika, ile inayojikunja kama mpira, akaitia kwenye ule mpira wa chuma wa nyuma ya gari, wa kukokotea trela. NIKAPIGA KELELE. Ule mpira wa chuma umetengenezwa kwa kukokota taratibu, haukutengenezwa kwa mshtuko. Ukikatika unaruka kama risasi na unapita kioo na kichwa cha mtu. Watu wamekufa hivyo. Jibu nililopewa: "Orodha imesema kamba, kamba si hii?" Ndiyo, orodha ilisema "kamba". Haikusema inafungwa wapi. Haikusema ihimili walau mara mbili ya uzito wa gari lililopakiwa. Na kabla ya kamba yoyote, kwa nini hukupunguza upepo? Mimi nilishusha upepo wa tairi kutoka psi 36 hadi 18 nikapita pale pale bila kusukumwa. Kompresa alikuwa nayo, tena mpya, ila ya kuchomeka kwenye kiberiti cha gari. Alipoanza kujaza, fyuzi ikaungua tairi la kwanza. Ya kufunga moja kwa moja kwenye betri haina shida hiyo.

Friji na masanduku ndani ya gari bila kufungwa sitaki hata kuanza. Gari la kilomita 50 kwa saa likisimamishwa na mti ndani ya nusu mita, kila kitu kilicho nyuma yako kinakuja na uzito kama mara 20 wa ule wa mizani. Sanduku la spana la kilo 15, fanya mwenyewe.

Ninachokitaka ni hiki. Mwandaaji yeyote humu akitoa orodha, aweke kilo mbele ya kila kitu na jumla chini, na atuonyeshe karatasi ya mizani ya gari lake mwenyewe. Hana, asituongoze. Na ile ya vitu 84 iondolewe kule ilikobandikwa, kuna vijana wanaipakua kila siku.

Na wewe wa gari la pili, kipimo changu cha upepo nilikuazima siku ya tatu asubuhi. Kipo chini ya kiti chako, upande wa dereva. Nakitaka.