SOAP, JSON au gRPC: ipi inashika vizuri aina za data kwenye malipo?

Mwana_Himbi (Goma)
Yambo wote. Natengenezea ushirika wa kahawa programu ya kuwalipa wakulima kwa simu. Wiki jana mama mmoja wa Minova alikosa pesa zake: namba yake inaanza na 099, lakini sisi tuliituma kama tarakimu, sifuri ya mbele ikapotea. Alisubiri siku mbili. Sitaki jambo hilo lirudi. Huduma ya malipo inapokea njia tatu za programu kutumiana ujumbe: SOAP, JSON na gRPC. Mngechukua ipi?

Fundi_Kadutu (Bukavu)
SOAP, ndugu. Ujumbe wake unaandikwa kwa XML, maandishi yenye vitambulisho. Faili ya WSDL ni mkataba: inataja kila ombi na kila jibu, na skima ya XML, yaani kanuni za aina za data, inasema wazi simu ni maandishi, kiasi ni desimali. Klasi, yaani msimbo wa kushika data hizo, zinazalishwa zenyewe, na kosa la aina unaliona kabla ya kutuma. Ni ya zamani, toleo la 1.2 ni la 2003. Ubaya wake bahasha ya XML inayobeba ujumbe ni nzito, inakula mega.

Dada_Lushi (Lubumbashi)
JSON, yaani data iliyoandikwa kama maandishi mepesi, peke yake haina aina ya tarehe wala ya desimali kamili, na namba ndefu za risiti zinaponza. Lugha ya JavaScript ikisoma 9007199254740993 inakupa 9007199254740992! Nilitafuta risiti moja usiku mzima, kumbe tarakimu ya mwisho ndiyo iliyobadilika. Weka mkataba wa OpenAPI, faili inayoeleza maombi na majibu kama WSDL, namba hizo ziandike kama maandishi, na jibu ulikague kama unavyokagua ombi. Wengi wanakagua ombi tu.

Birere_243
gRPC ni nyepesi kuliko zote, na int64 yake, namba nzima ya biti 64, ni int64 kweli. Ila haina desimali, pesa utazihesabu kwa senti. Tena kwenye proto3, lugha ya kuandikia mkataba wake, kiasi kisichotumwa kinasomeka 0, na usipoandika `optional` huwezi kujua kama kilitumwa. Kwa malipo naiogopa.

Fundi_Kadutu
Na sarafu, kaka? Huku dola na franka zinatembea pamoja. 50 tupu si kiasi.

Mwana_Himbi
Kweli kabisa, sarafu tulikuwa hatuitaji kabisa kwenye ujumbe. Aksanti sana. Nachukua JSON na OpenAPI, maana hata mwenzangu asiye fundi anaweza kuisoma kwa macho:

`{"simu": "099…", "kiasi": "50.00", "sarafu": "USD"}`

Simu lazima ianze na 0 na iwe na tarakimu 10. Sarafu ni USD au CDF, nyingine inakataliwa papo hapo. Dada, ukaguzi wa jibu naanza kuuandika leo jioni. Yule mama ameshalipwa.