Singo ya kwanza ya roki ya Kiswahili: sauti inamezwa na magitaa, halafu tunaiachiaje?

Mpiga_Ridhimu

Wakuu, habari za jioni.

Kuna singo ya kwanza ya dada mmoja anayeimba roki kwa Kiswahili, hana lebo (kampuni ya muziki). Wimbo una dakika 4 na sekunde 12, kasi ya mapigo 142 kwa dakika, magitaa mawili ya distosheni (ile sauti ya gitaa iliyokwaruzwa), besi, dramu na sauti moja. Miksi ya pili ndiyo hiyo imetoka. Kwenye beti maneno yote yanasikika. Kiitikio kikiingia sauti inazama, na ukiipandisha inakuwa kama imebandikwa juu ya bendi.

La pili: kwenye kiitikio kuna neno "mtu" na kila anayesikiliza anauliza hapo anaimba nini.

La tatu: tunataka iwe hewani Ijumaa ya wiki ijayo. Msambazaji, yule anayeufikisha wimbo kwenye majukwaa kama Spotify, anadai mafaili, kava na mgawanyo wa haki. Watu huwa wanakwama wapi? Sisi tuko Dar, ila mpiga besi yuko Nairobi na nusu ya mashairi ni yake.

fundi_wa_usiku

Mkuu, sauti iacheni ilipo kwanza. Shughulikieni magitaa.

Distosheni na sauti ya kike vinagombea masafa yaleyale, Hz 2,000 hadi 4,000, na humo ndimo zinamokaa konsonanti. Fundi wa studio akate dB 2 au 3 hapo kwenye magitaa yote mawili, mkato mpana, na iwe kwenye kiitikio peke yake kwa kuwa beti hazina shida. Chini ya Hz 90 gitaa halina kazi, ni kwa besi na dramu ya mguu, liondoeni. Tope la Hz 200 mpaka 400 mpunguze kidogo tu, ukizidisha gitaa linabaki mifupa.

Sasa muulize swali hili: gitaa la kushoto na la kulia yamepigwa mara mbili, au ni pigo moja limenakiliwa? Likinakiliwa vilevile, hata ulisukume kushoto na kulia, sikio linalisikia katikati, palepale aliposimama mwimbaji. Wengine wanachelewesha nakala kwa milisekunde kadhaa ili ipanuke. Kwenye hedifoni inapendeza, kwenye spika moja ya simu nusu ya gitaa inajifuta na kinachobaki kinalia kama kiko ndani ya bomba. Dawa ni kulipiga tena, na safari hii geini (kiasi cha distosheni) ishuke. Distosheni mbili zikikaa pamoja zinajumlishana, kwa hiyo kila gitaa likiwa peke yake lisikike kama limepungukiwa kidogo. Kama mnatumia maiki ya SM57, iwe sentimita 2 au 3 kutoka kwenye kitambaa cha amplifaya, ikielekea ukingo wa kile kikofia cha katikati ya spika. Ukiisogeza katikati kabisa inakwaruza.

Kwenye sauti yenyewe tumieni kompresa mbili (za kushusha pale sauti inapozidi), kila moja ishushe dB 3 au 4. Moja ikifanya kazi yote utamsikia dada anahema kuliko anavyoimba. Mwangwi wa kurudia muweke milisekunde 211, hiyo ni nusu ya pigo kwa kasi ya 142, ndiyo maana hautagongana na maneno. Mkimaliza, sikilizeni kwenye simu, sauti ikiwa chini mpaka mazungumzo ya chumbani yanaizidi. Kiitikio kikieleweka hapo, kimepona.

vina_na_mizani

La "mtu" fundi hawezi kulitibu, limeharibikia kwenye mahadhi.

"Mtu" ni silabi mbili, m na tu, na mkazo uko kwenye m. Bila shaka mahadhi yametoa noti moja tu na noti hiyo imeangukia "tu". Juu ya distosheni ile m inapotea, msikilizaji anabaki na "tu", ambayo nayo ni neno lenye maana yake. Hapo lazima aulize. M ipewe noti yake, mdomo umefungwa, iangukie kwenye pigo, halafu "tu" ifuate. Kama nafasi haipo, badilisheni neno. Jihadhari lakini: "mwaka" na "mwana" si hivyo. Mwa ni silabi moja, ukiipa noti mbili unamsikia mtu anajifunza kusoma.

Na mkazo muupitie wimbo mzima. Kiswahili kinakandamiza silabi ya pili kutoka mwisho, na mahadhi yakikandamiza kwingine neno linageuka. "Barabara" ya magari inakazwa silabi ya tatu, BA. Mkazo ukipanda kwenye RA ya kwanza mmeshasema "sawasawa". Njia rahisi: washa metronomu (kihesabu mapigo), soma mstari bila kuuimba, piga kofi kwenye silabi yenye mkazo. Kofi likikosana na pigo zito la ngoma, hapo ndipo pa kurekebisha.

Tena, noti ndefu ya juu msiiweke kwenye i. Koo linabana na sauti inakuwa nyembamba wakati magitaa yamefunguka yote. Tafuteni mstari unaoishia a au o. Maneno yetu yanaishia irabu, hilo peke yake ni bahati ambayo waimbaji wa Kiingereza hawana.

Mkirudia, rudieni kiitikio chote kwa maiki ileile na umbali uleule. Neno moja likichomekwa linajulikana.

karani_wa_singo

Ijumaa ya wiki ijayo isahauni. Ombi la kuwekwa kwenye orodha za wahariri wa Spotify linatakiwa lifike angalau siku 7 kabla ya wimbo kutoka, na kabla ya hapo msambazaji naye anahitaji siku zake za kuufikisha. Wimbo ukishatoka huwezi tena kuuombea. Pangeni wiki 4.

Faili ni WAV, biti 24, kHz 44.1. MP3 iliyogeuzwa kuwa WAV bado ni MP3. Spotify inasawazisha kwenye LUFS -14 (kipimo cha ukubwa wa sauti), kwa hiyo masta, yaani faili la mwisho, ya -9 itashushwa dB 5 na mtabaki na dramu zilizopondwa bila faida yoyote. Kilele kisipite dB -1. Siku hiyohiyo ya masta chukueni na ala tupu, sauti tupu na toleo la redio lenye utangulizi mfupi. Studio ikishafungua kazi nyingine, kuvipata ni kuomba na kuomba.

Kava ni mraba wa pikseli 3,000 kwa 3,000. Namba ya simu, kiungo wala nembo za mitandao zisiwepo, na jina liandikwe herufi kwa herufi kama kwenye fomu. Hapo ndipo kava nyingi zinarudishwa. Jina la msanii mlitafute kwanza kwenye majukwaa. Kama yupo mwingine, chagueni "msanii mpya" kwenye fomu, la sivyo singo inatua kwenye ukurasa wa mtu wa nchi nyingine.

ISRC, ile namba ya herufi na tarakimu 12, msambazaji atawapa. Itunzeni. Singo ikiingia kwenye albamu baadaye mtumie ileile, ndivyo hesabu ya wasikilizaji inavyoendelea. Toleo la redio lina namba yake.

Mgawanyo ni karatasi mbili: utunzi, halafu rekodi. Mpiga besi wenu ana fungu kwenye utunzi hata kama asingepiga besi. Kila karatasi ifike asilimia 100, na isainiwe kabla ya kupakia. Upande wa Dar ni usajili wa msanii BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa) na wa kazi COSOTA (ofisi ya hakimiliki). Wa Nairobi, kwa miaka mingi vyama vya kukusanya mirabaha vilikuwa MCSK kwa watunzi, PRISK kwa waliotumbuiza na KAMP kwa wenye rekodi, ila leseni za vyama hivyo hubadilika, athibitishe kwanza KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya.

Fedha msizitegemee mapema: tangu 2024 wimbo wenye chini ya misikilizo 1,000 kwa miezi 12 haulipwi mrabaha wa rekodi Spotify. Na msidharau taarifa ndogondogo. Singo ya kwanza ya R.E.M., bendi ya roki ya Marekani, mwaka 1981 ilichapwa kwanza nakala 1,000, na nyingi zilitoka bila anwani ya lebo.

Mpiga_Ridhimu

Shukrani wakuu. Fundi amekiri, gitaa ni moja limenakiliwa. Mpigaji kasafiri. Kuna namna?

fundi_wa_usiku

Ipo, ikiwa mlirekodi kwa metronomu. Kiitikio cha kwanza na cha pili vimepigwa kwa nyakati tofauti, kwa hiyo ni mapigo mawili halisi. Kwenye kiitikio cha kwanza acheni gitaa lake kushoto, kulia mlete la kiitikio cha pili. Kwenye cha pili mgeuze. Mkate kabla tu ya pigo la kwanza, muunganisho ufifizwe kwa milisekunde 10 usije ukagonga "tik", na msikilize pale koda (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) inapobadilika, maana hapo ndipo mkono huwa umewahi au umechelewa. Kiitikio cha mwisho kikiwa na koda za ziada, pande hizo za ziada liacheni gitaa moja.