Ajali barabarani: raia amguse majeruhi au asubiri wataalamu?

Kona ya Kimara: Wakuu, jana jioni hapa Kimara boda kagongwa na Noah. Hata vumbi halijatulia, vijana wakamzoa, huyu miguu, yule kwapa, shingo inaning'inia, wakamsukumia kwenye bajaji. Je, tupige marufuku raia kugusa majeruhi? Shingo ikiwa imevunjika, si ndo mnamlemaza hivyo? Wengine wala hawasaidii, wanapekua mifuko tu. Boda wenzake ndo hodari.

Chuma Mboga: Asubiriwe nani mkuu, ambulensi ya foleni ya Morogoro Road? Mshipa mkubwa ukikatika, dakika chache tu mtu kaondoka. Chukua khanga, gandamiza jeraha, usiachie-achie kuchungulia. Hapo digrii ya nini?

Boda Tegeta: "Boda ndo hodari" umeitoa wapi? Nyie wenye magari mnapandisha vioo, mnaogopa siti zisiloe damu. Tunaobeba ni sisi, halafu wezi ni sisi!

Mama Kaka: Punguza jazba mwanangu. Msamvu pale Morogoro, 2018 sijui 2019, lori la mafuta limepinduka, watu wakakimbilia na madumu. Lilipolipuka, waliokufa walipita 100.

Boda Tegeta: Ni Agosti 2019 mama, na madumu walishika watu wa kila aina. Hata hivyo wale walifuata petroli, hawakufuata majeruhi. Usichanganye.

Chuma Mboga: Ila Msamvu inaingia kwenye mada. Kabla hujamsogelea majeruhi unaangalia kwanza: mafuta, nyaya za umeme, magari yanayokuja. Ukilala na wewe pale, umesaidia nini?

Nesi wa Zamu: Mnagombania mifuko, swali la shingo limeachwa. Kama anapumua, na hakuna moto wala gari la kumkanyaga, mwacheni alipo, mmoja ashike kichwa kisicheze. Helmeti msiing'oe ovyo. Maji msimpe, hata akiomba. Kama hapumui, habari ya shingo inasubiri: katikati ya kifua, mikono miwili, bonyeza sentimita 5 hivi kwenda chini, mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku mwingine anapiga 112.

Kijiti: Nesi, si ninyi wa kwanza kuuliza PF3, ile fomu ya polisi ya kutibiwa majeruhi? Niliokota mtu barabarani, nikaambiwa nirudi polisi nikachukue fomu. Kule nikahojiwa mpaka usiku kama niliyemgonga ni mimi. Sirudii tena!

Nesi wa Zamu: Mahututi anatibiwa kwanza, fomu inafuata. Aliyekurudisha alikosea, usitubebeshe wote.

Kijiti: Hayo mwambie wa mapokezi.

Jirani wa Namanga: Huku Kenya Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inasema hakuna mtu atanyimwa matibabu ya dharura. Ukifika hospitali ya kibinafsi na mgonjwa wako, hebu jaribu kuwasomea hicho kifungu, utatuambia.

Boda Tegeta: Katiba mtajuana wenyewe. Mleta mada afute ile sentensi.

Kona ya Kimara: Sifuti. Sikusema boda wote. Na simu ya yule kijana tangu jana haipatikani, sijui imetembea yenyewe!

Boda Tegeta: Namba yake wewe uliipata wapi?