Naomba ushauri: mtoto ana matege, vitamini D imepanda lakini fosfeti (madini ya mifupa) bado iko chini

Habari zenu ndugu, shikamooni wakubwa. Naombeni msaada, hasa walio wataalamu wa watoto au mliopitia haya.

Binti yangu ana miaka miwili na miezi minne. Miguu imepinda, na vifundo vya mikono vimetuna utadhani amevaa bangili chini ya ngozi. Picha ya eksirei ilionyesha matege. Vitamini D ilikuwa 9, akaandikiwa matone ya yuniti 3,000 kwa siku pamoja na kalsiamu miligramu 500. Tumempa miezi mitatu bila kuruka hata siku moja, na jua la asubuhi anapata.

Majibu ya juzi: vitamini D 34, kalsiamu ya kawaida, homoni ya parathairoidi nayo ya kawaida. Ila fosfeti bado iko chini, na kimeng'enya cha mifupa (ALP) bado kiko juu sana. Nilivyoelewa, homoni hiyo ikipanda ndiyo huifanya figo imwage fosfeti. Sasa kama imetulia, fosfeti inapotelea wapi? Mimi mwenyewe ni mfupi na nilikuwa na matege utotoni, ndiyo maana silali.

Je, hii yaweza kuwa ile ya kurithi, ambapo mifupa hutoa kupita kiasi homoni ya FGF23, ambayo nayo huifanya figo imwage fosfeti? Na tuanze na kipimo gani: fosfeti ya mkojo na damu asubuhi moja, au twende moja kwa moja kwa bingwa wa homoni za watoto? Tupo Mwanza.