Logilaini: binti dhidi ya miungu ya Kigiriki

Wakuu, naombeni jicho lenu kwa logilaini yangu (sentensi moja inayobeba wazo la filamu): "Msichana wa miaka 16 anagundua siri ya miungu ya Kigiriki na maisha yake yanabadilika." Mbona haishiki?

Jibu: "Siri" na "yanabadilika" havionekani kwenye skrini. Chagua mungu mmoja, si miungu yote ya mlima Olimpo. Hades, mungu wa kuzimu, ana sheria tayari: ukionja chakula cha kuzimu, umenaswa, kama mkewe Persephone alivyonaswa kwa mbegu za komamanga.

Jibu: Kweli kabisa. Sasa mpe binti kasoro inayogongana na sheria hiyo, na muda. Usizidi maneno 35: "Binti wa mpishi wa Athens, 16, asiyejua kujizuia, ana siku tatu kumtoa kaka yake kuzimu bila kuonja chochote, la sivyo atabaki yeye."

Muulizaji: Kumbe njaa ndiyo adui! Naandika upya leo.