Ukikataliwa na makampuni manne makubwa ya ukaguzi: usubiri msimu ujao au uanze kazi popote?

MTOA MADA

Wadau wa hesabu, naomba tulijadili hili bila kuoneana haya. Kila msimu wa ajira kuna kundi la wahitimu wa uhasibu wanaopokea barua pepe ya mistari mitatu: asante kwa maombi yako, kwa bahati mbaya hatutaendelea nawe. Imetoka Deloitte, PwC, EY au KPMG, na wengine huzipata zote nne. Baada ya hapo wengi hukaa benchi wakingoja maombi ya mwaka unaofuata, kwa kuamini kwamba ukianzia kwingine umeshajiwekea doa kwenye wasifu. Mimi nasema mwaka huo wa kungoja ndio unaoumiza. Anza kazi mahali popote ambapo vitabu vya hesabu hufungwa kila mwezi na kuna mtu wa kukagua kazi yako.

Hiyo barua watu wanaisoma kama hukumu ya uwezo wao, na inaniuma sana kuona kijana mwenye akili anakata tamaa kwa ajili yake. Makampuni haya hupokea maombi mengi kupita nafasi zilizopo, kwa hiyo mchujo wa mwanzo mara nyingi hufanywa na mitambo: jaribio la hesabu la dakika chache, maswali ya "ungefanya nini katika hali hii", kisha usaili wa kujirekodi kwa video. Wengi huishia hapo. Hakuna aliyekaa nao akawapa urari (orodha ya salio za akaunti ambayo pande zake mbili hupaswa kuwa sawa) usiolingana na kuwaangalia wanavyoutafuta ulipokosea.

Na haya majina tunayoyaogopa hayakushuka na mvua. Katika miaka ya 1980 yalikuwa manane. Miungano ya mwaka 1989 ikayafanya sita. Price Waterhouse na Coopers & Lybrand walipoungana mwaka 1998 yakabaki matano, na Arthur Andersen ilipoporomoka mwaka 2002 kwa sakata la Enron, kampuni ya nishati ya Marekani iliyokuwa ikikaguliwa nayo, yakabaki manne. Andersen ilikuwa na wafanyakazi wapatao 85,000 duniani. Mwaka 2001 jina hilo lilifungua milango; mwaka uliofuata mwenye nalo ndiye aliyepaswa kujieleza. Waliopata kazi kwingine waliondoka na walichojua kufanya.

Sasa tazameni anachojifunza kijana katika ofisi ya watu watano. Mwezi wa pili tu anapewa taarifa ya benki na daftari la fedha. Daftari linasema 45,630, benki inasema 44,910. Tofauti ni 720. Anakuta makato ya benki ya 180 ambayo hayajaingizwa, inabaki 540. Mkubwa wake anamwambia: 540 inagawanyika kwa 9 bila baki, dalili kwamba kuna tarakimu mbili zilizopishana mahali, zitafute. Anapekua malipo moja moja hadi anakuta hundi ya 1,820 iliyoandikwa 1,280. Anaandaa ingizo la kusahihisha, anaona linavyogusa leja ya wadai (daftari la wanaotudai), na tofauti inakuwa sifuri. Mwezi unaofuata ni mishahara, kisha uchakavu wa mali, kisha ritani ya kodi. Kufikia mwisho wa mwaka ameuona mzunguko mzima, kuanzia risiti hadi mizania. Mwenzake aliyeingia kwenye kampuni kubwa huenda wakati huo yuko kwenye kipande kimoja cha mteja mmoja mkubwa, anafuatilia barua za uthibitisho za benki na kuchambua sampuli ya ankara. Nayo ni kazi ya maana, lakini si kweli kwamba wa kwanza amepoteza muda.

Kumbukeni pia mwaka huohuo wa 2002, WorldCom, kampuni ya simu ya Marekani. Waliogundua kwamba gharama za kawaida za kukodi laini za simu zimeingizwa vitabuni kama mali, zaidi ya dola bilioni 3.8, ni wakaguzi wa ndani wakiongozwa na Cynthia Cooper. Mkaguzi wa nje, ambaye hakuliona, alikuwa Andersen.

Karibuni, hasa wenye maoni tofauti.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Ndugu mtoa mada, heshima yako, ila unawapa vijana matumaini ya nusu. Mimi nimepitia ukaguzi katika mojawapo ya hayo makampuni na sasa naajiri watu. Fungua tangazo la kazi ya meneja wa fedha uone: "awe amepitia kampuni kubwa ya ukaguzi." Sharti hilo lipo, tupende tusipende, na mwenye sivii isiyo na jina hilo anawekwa pembeni kabla hajafungua mdomo.

Halafu kuna mafunzo yenyewe. Ndani ya miaka mitatu nilishika ujumuishaji wa hesabu za kampuni mama na matawi yake, nikahesabu mikataba ya pango chini ya IFRS 16, kanuni ya kimataifa ya hesabu za pango, ilipoanza kutumika mwaka 2019, nikakaa na wataalamu wa kodi na wa mifumo. Kila karatasi yangu ya kazi ilipita kwa watu wawili watatu na kurudi na maswali. Niliichukia hali hiyo kwa mwaka mzima wa kwanza, na ndiyo iliyonifanya mhasibu. Ofisi ya watu watano itakupa wapi hayo?

Na Cynthia Cooper unayemtaja, kabla ya WorldCom alipitia Price Waterhouse (PwC ya leo) na Deloitte kule Atlanta. Mfano wako unanisaidia mimi.

Ushauri wangu kwa vijana: tumia mwaka huo kufanya mitihani ya taaluma, kisha omba tena ukiwa na karatasi kadhaa mkononi.

MCHANGIAJI WA PILI

Nyote wawili mnasahau kitu. Mimi nilianza kwenye ofisi ndogo, mwajiri simtaji. Kazi nilifanya kweli, hakuna asiyenijua kwa kufunga hesabu. Shida ilikuja nilipotaka uzoefu wangu utambuliwe na bodi ya taaluma: bosi hakuwa mhasibu aliyesajiliwa, na hapakuwa na mtu wa kusaini. Miaka ikawa haihesabiki.

La pili ni zito zaidi. Tuliagizwa kutunza vitabu viwili, kimoja cha kuonyesha benki wakati wa kuomba mkopo na kingine cha kuonyesha mamlaka ya kodi. Kijana wa miaka 23 mwenye kodi ya nyumba ya kulipa anamwambiaje bosi hapana? Mtoa mada, ukisema "popote", neno hilo lina watu wanaoumia ndani yake.

MTOA MADA

Dada, nashukuru kwa kulisema hili waziwazi. Kwangu mtu wa kukagua kazi ni sharti, na umeonyesha kwa nini lazima lisimame mbele kabisa. Kabla ya kukubali ofa, kijana aulize maswali haya akiwa bado kwenye kiti cha usaili: nani atapitia kazi yangu, amesajiliwa na bodi gani, na atanisainia uzoefu? Kisha asome kanuni za bodi anayoilenga, maana hazifanani. ACCA, chama cha kimataifa cha wahasibu, inadai miezi 36 ya uzoefu, lakini inakubali uupate kwa mwajiri yeyote katika sekta yoyote, mradi msimamizi mwenye sifa athibitishe. ICAEW ya Uingereza inadai siku 450 na mwajiri aliyeidhinishwa nao kutoa mafunzo. Anayelenga hiyo ya pili akaanza kazi kwa mwajiri asiyeidhinishwa atafika pale ulipofika wewe.

Vitabu viwili: ondoka. Najua kodi ya nyumba haingoji, na simdharau aliyekwama miezi kadhaa akitafuta pa kwenda. Ila maadili ya taaluma yanakataza kabisa kuhusishwa na taarifa unayojua inapotosha, na sahihi yako ikishakaa pale hakuna bosi atakayekuja kukubebea. Nisichokubali ni dhana kwamba ukubwa wa kampuni ni kinga. Mwaka 2022 EY ilitozwa dola milioni 100 na wasimamizi wa masoko ya mitaji wa Marekani kwa sababu wakaguzi wake walidanganya katika mitihani, na mitihani yenyewe ilihusu maadili.

Kaka mchangiaji wa kwanza, kuhusu Cooper, hebu tuendelee naye. Kilichoifichua WorldCom ni timu yake kuingia kwenye mfumo wa hesabu na kufuata ingizo moja baada ya jingine, wakifanya kazi usiku ili wasishtukiwe. Kufuata ingizo hadi chanzo chake ndiyo kazi ya kila siku ya yule kijana wa hundi ya 1,820.

Unachosema kuhusu kukaguliwa na kurudishiwa maswali nakiunga mkono kwa moyo wote. Hicho ndicho cha kutafuta, na hakipatikani kwa wanne tu. BDO, Grant Thornton, RSM, Crowe, Baker Tilly na Forvis Mazars ni mitandao ya kimataifa yenye miongozo ya ukaguzi, nao hufundisha. Kiwandani, mhasibu wa gharama anayesimamia hesabu ya bidhaa ghalani anajifunza mambo ambayo mkaguzi huja kuyaangalia siku moja kwa mwaka. Wale wanne wenyewe hupoteza watu wengi wakishamaliza mitihani, na mara nyingi hujaza mapengo hayo kwa watu wenye miaka miwili mitatu ya kazi kutoka kampuni ndogo. Mlango huo wa katikati vijana hawaambiwi.

Mitihani ni muhimu, lakini mwaka mzima wa mitihani bila kugusa leja ni mrefu mno. Vifanyike pamoja.

Na kwa kuwa unaajiri, nakuuliza wewe na waajiri wenzako: sharti hilo kwenye tangazo linatafuta nini hasa? Kama mnataka mtu wa kufunga mwezi kwa siku tano, andikeni hivyo, na siku ya usaili mpeni urari wenye makosa matatu na saa moja.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Hilo la urari nitalijaribu, nakubali ni kipimo bora kuliko jina. Ila kwa nafasi za ujumuishaji wa hesabu za makampuni mengi bado nitatafuta aliyewahi kuzishika, na wengi wao wanatoka kule.

MCHANGIAJI WA TATU

Shikamooni wakubwa. Mimi ndiye mnayemjadili. Nina ofa ya ofisi ya watu sita, msimamizi amesajiliwa na amekubali kunisainia, ila hawalipii mitihani. Wakati huohuo kampuni moja kati ya zile nne imeniweka kwenye orodha ya akiba, bila tarehe. Wale wa ofisi ndogo wanataka jibu Ijumaa.

MTOA MADA

Marahaba mdogo wangu. Orodha ya akiba isiyo na tarehe si ofa, usiipangie maisha. Kubali hii. Kwa kuwa ada hawalipi, omba siku za ruhusa ya kusoma kabla ya kila mtihani na ziandikwe kwenye mkataba, kwa sababu mwisho wa mwaka wa hesabu ukiangukia wiki ya mtihani hakuna atakayekumbuka ahadi ya mdomo. Angalia pia muda wa notisi: mwezi mmoja utakuacha huru, mitatu itakufunga. Na tangu wiki ya kwanza andika kila kazi unayofanya na tarehe yake, umpelekee msimamizi asaini kila robo mwaka, usingoje miaka mitatu iishe.